Mikroni 20 za Nani? Skana ya Kinywani Mbele ya Kinywa Chenye Mapengo

Katika maonyesho niliyowahi kuhudhuria ya skana za kinywani, yaani vifaa vinavyopiga picha meno na ufizi ili umbo lake lipatikane kwenye kompyuta, kitu kinachoskaniwa kimekuwa kilekile kila mara: sanamu ya jasi yenye meno yote, kavu, iliyotulia juu ya meza, isiyomeza mate wala kusukuma ulimi. Muuzaji hupitisha ncha ya kifaa juu ya meno hayo kwa dakika moja au mbili, taya zima hujichora kwenye kioo cha kompyuta, kisha hutajwa namba ya kosa la kipimo, mikroni 20 au 30 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), yaani chini ya nusu ya unene wa unywele. Sina sababu ya kusema kwamba namba hiyo ni ya uongo. Ninachosema ni kwamba imepatikana kwenye kinywa ambacho hakihitaji meno ya bandia, na mtu akiipeleka kama ilivyo kwa mzee aliyebakiwa na meno sita ya mbele, au kwa kibogoyo kamili, atakuwa amebeba jibu la swali jingine.

Jambo hili si la pembeni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 7 ya watu wenye umri wa miaka 20 na zaidi duniani wamepoteza meno yote, na kwamba kwa wenye miaka 60 na zaidi kiwango hicho hufika asilimia 23. Waliopoteza baadhi tu ya meno hawamo katika hesabu hiyo. Kliniki inayofikiria kununua skana, iwe Dar es Salaam, Mombasa au kwingineko, inanunua kifaa kitakachokutana na mapengo mara kwa mara, na ina haki ya kuuliza kifaa hicho hufanya nini pale meno yasipokuwepo.

Skana ya kinywani ilizaliwa kwa ajili ya jino moja. Werner Mörmann, daktari wa meno, na Marco Brandestini, mhandisi, waliunda mfumo wa CEREC katika Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, na mwaka 1985 mgonjwa wa kwanza aliwekewa kipande cha kauri kilichochongwa na mashine kwa kufuata picha iliyopigwa ndani ya kinywa chake. Kazi ilikuwa kuziba tundu la jino, basi. Vifaa vya leo vina kasi ambayo waasisi hao wasingeiota, lakini dirisha lao bado ni dogo: kwa wakati mmoja skana huona eneo la jino moja au mawili, na taya zima hupatikana kwa kuunganisha picha nyingi sana, kila moja ikishikizwa kwenye zilizotangulia kwa kulinganisha maumbo yanayoonekana katika zote. Mbinu za ulinganishaji huo zina asili katika njia ambayo watafiti Paul Besl na Neil McKay waliieleza mwaka 1992, nao hawakuwa wakifikiria vinywa vya watu.

Aliyewahi kuona mkeka ukishonwa ataelewa haraka. Mkeka hupatikana kwa kuunganisha ukili ubavu kwa ubavu, na mshonaji akivuta kidogo zaidi upande mmoja, kosa halionekani katika mshono wa kwanza wala wa pili. Huonekana mkeka unapotandikwa, kona ya mwisho ikakataa kukaa mraba. Skana nayo hushona. Katika masafa mafupi, tuseme meno matatu au manne yanayofuatana, makosa ya mishono ni madogo mno kiasi kwamba hayamsumbui mtu. Ukitoka gego la mwisho la kushoto ukazunguka hadi gego la mwisho la kulia, yanarundikana, na kwa kawaida upande ulioskaniwa mwisho ndio unaobeba mzigo mkubwa zaidi. Hesabu yake ni rahisi: mshono mmoja ukipinda kwa sehemu ya kumi ya nyuzi moja pale mbele, na kutoka hapo hadi nyuma kuna milimita 60, ncha ya mwisho itakuwa imehama kwa takriban mikroni 105. Hakuna jicho litakaloiona sehemu ya kumi ya nyuzi moja kwenye kioo cha kompyuta.

Sasa ondoa meno. Jino ni alama nzuri kwa skana kwa sababu lina mabonde, vilele na kingo ambazo hazifanani na za jirani yake, na kwa sababu halichezi. Ufizi uliopona baada ya meno kung'olewa ni kama tuta la mchanga lililolainishwa na maji: sehemu ya tatu inafanana na ya nne, na ya nne na ya tano, hivyo programu inayotafuta mahali pa kushikiza picha mpya hupata sehemu nyingi zinazofaa kwa kiasi kilekile. Hapo ndipo taya hurefuka au hufupika bila onyo lolote. Mate huongeza mng'ao unaorudisha mwanga vibaya, na dimbwi dogo la mate likikusanyika chini ya ulimi, skana hulichora dimbwi na kuliita ufizi. Taya la juu lina nafuu, kwa kuwa kaakaa ni pana na mikunjo yake ya mbele huwa alama za kutosha kwa watu wengi. Taya la chini la kibogoyo wa miaka mingi, ambalo mfupa wake umelika ukabaki ukanda mwembamba kati ya shavu na ulimi, ndilo mtihani halisi.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa wazi vya kutosha. Programu za skana zimeundwa kufuta vitu vinavyocheza, yaani shavu, ulimi, mdomo na kidole cha daktari, kwa sababu katika kinywa chenye meno vitu hivyo ni takataka zinazoharibu picha. Katika kinywa cha kibogoyo, baadhi ya vinavyocheza ndivyo tunavyovitafuta. Meno ya bandia kamili hushikiliwa na kingo zake: ukingo unapaswa kufika pale ufizi uliotulia unapokutana na nyama inayosogea, usivuke wala usipungue, ili tabaka jembamba la mate lizuie hewa isipenye chini yake. Kwa mbinu ya zamani, daktari hupanga nta ngumu au kompaundi (utomvu mgumu wa kipimo) iliyolainishwa kwenye kingo za trei, yaani kibebeo cha rojo la kipimo kinachoingizwa kinywani, kisha humwambia mgonjwa atoe ulimi, avute midomo, aseme "aa", ili misuli yenyewe ichonge ukingo. Skana humtaka mgonjwa huyohuyo atulie, na shavu livutwe pembeni kwa kioo au kidole ili njia ionekane. Inachukua picha safi ya ukingo ambao haupo mtu anapozungumza au anapokula.

Hapa ndipo neno "usahihi" linapohitaji kufunguliwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 5725 hukigawa kitu hicho mara mbili: ukaribu wa kipimo na kitu halisi, na uthabiti wa kipimo kinaporudiwa. Vipimo vinaweza kurudiwa mara kumi vikafanana kama mapacha, na vyote kumi vikawa mbali na ukweli. Ili kujua ukaribu na kitu halisi, lazima uwe na rejea, yaani umbo lililopimwa kwa kifaa bora zaidi. Sanamu ya jasi au ya chuma unaweza kuipeleka kwenye mashine ya viwandani. Mgonjwa huwezi kumwingiza humo. Ndiyo maana tafiti nyingi zinazotupa namba nzuri zimefanywa juu ya sanamu, na zile za wagonjwa mara nyingi hupima uthabiti pekee, au hulinganisha skani na kipimo cha silikoni kilichochukuliwa kwa trei. Ulinganisho huu wa mwisho una mtego. Silikoni hubonyeza ufizi, skana haiugusi. Tofauti ya mikroni 200 kati ya hizo mbili inaweza isiwe kosa la yeyote. Ni picha mbili za nyama moja katika hali mbili.

Hata juu ya sanamu mambo hayakuwa shwari tangu mwanzo. Andreas Ender na Albert Mehl wa Zurich walipochapisha vipimo vyao vya taya zima mwaka 2013, kipimo cha kawaida cha trei kilikosea kwa takriban mikroni 20 kwa wastani, na skani kwa takriban mikroni 59. Sanamu hiyo ilikuwa na meno. Vifaa vimeboreka tangu hapo na sitaki mtu azitumie namba hizo kuihukumu skana ya leo. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha kuwa ugumu wa taya zima uliwasumbua hata walioanzia na hali rahisi kuliko zote.

Tena, wastani wenyewe unahitaji kuangaliwa. Katika tafiti nyingi, umbo lililoskaniwa huwekwa juu ya umbo la rejea na kompyuta huachiwa itafute mkao ambao tofauti za jumla ni ndogo kabisa, ndipo tofauti zilizobaki zijumlishwe. Taya lililofunguka nyuma kwa mikroni 150 upande mmoja halitaonekana hivyo: kompyuta italizungusha kidogo, itagawa kosa pande zote, na kitakachoripotiwa ni makumi machache ya mikroni. Huo si udanganyifu, ni tabia ya njia yenyewe. Lakini fundi wa maabara hapokei wastani, anapokea taya. Kwake yeye swali lenye maana ni umbali kati ya pointi mbili zilizo mbali kabisa, na mwandishi wa utafiti asiyeutaja umbali huo amemwacha njiani.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mapengo ni kitu kimoja. Si kitu kimoja hata kidogo. Mtu aliyepoteza jino moja au mawili, huku mapengo yake yakiwa na meno pande zote mbili, ni mgonjwa mzuri kwa skana. Masafa ni mafupi, alama zipo pande zote, na meno ndiyo yatakayobeba daraja. Kwa huyo ningechagua skani kuliko aljineti, rojo la kipimo linalojazwa kwenye trei, bila kusita, hasa kama ana meno yanayolegea ambayo trei inaweza kuyavuta, au kama ni wale wanaotapika trei inapogusa kaakaa. Ufizi tepetepe unaocheza juu ya mfupa ulioliwa nao hufaidika kwa kutoguswa, kwa sababu trei nzito huukunja, na kipimo kikaganda katika umbo ambalo si lake.

Shida huanza pale pengo linapokosa jino la nyuma. Edward Kennedy, daktari wa meno wa Marekani, aliweka mwaka 1925 mpangilio wa mapengo ambao wanafunzi wa meno bado wanaukariri, na aliyekosa magego ya nyuma pande zote mbili alimweka kundi la kwanza. Meno ya bandia ya mgonjwa huyo hubebwa na vitu viwili visivyolingana: mbele yamepumzika juu ya meno halisi, nyuma yamepumzika juu ya ufizi. Jino likibonyezwa hushuka kwa makumi machache ya mikroni tu kwa sababu kano zinazolishika ni nyembamba, takriban robo ya milimita. Ufizi wenye unene wa kama milimita 2 hushuka umbali mkubwa kuliko huo mara kadhaa. Ukitengeneza meno kwa kufuata ufizi ulivyo wakati haujaguswa, mgonjwa akitafuna, sehemu ya nyuma itazama na meno ya mbele yaliyoshikwa kwa vibanio yatavutwa kama msumari unaong'olewa kwa nyundo, tonge baada ya tonge.

Madaktari wa zamani walilijua hilo, wakabuni kipimo cha hatua mbili: fremu ya chuma hutengenezwa kwanza juu ya meno, kisha fremu hiyohiyo hutumika kuchukulia kipimo cha pili cha ufizi ukiwa umebonyezwa kiasi. Skana haina namna ya kubonyeza. Inaweza kuwa na kosa la mikroni sifuri na bado isikupe kile ulichokihitaji, na hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote: kwa nyama, tatizo kuu la skani si kwamba haiko karibu na ukweli, bali ni kwamba inaeleza kwa uaminifu hali ambayo meno ya bandia hayatafanyia kazi. Mabishano ya kama skana hii ina mikroni 40 na ile 60, yanapohusu ufizi, ni kama kubishana juu ya uzito wa sufuria wakati wali haujapikwa.

Wanaotetea skana wana jibu lenye nguvu, nami nalikubali kwa sehemu. Wanasema njia ya kawaida nayo imejaa makosa yake: aljineti hupoteza maji ikicheleweshwa kumiminiwa jasi, jasi hutanuka inapoganda, na akriliki, plastiki ya meno ya bandia, inayopikwa kwenye kalibu za maabara husinyaa. Msinyao wa akriliki ukifika nusu asilimia, taya lenye upana wa milimita 50 hupungua kwa mikroni 250, na hapo mtu atauliza kwa haki kwa nini tunaishtaki skana kwa mikroni 60. Meno yanayochongwa kwa mashine kutoka kwenye kipande cha akriliki kilichokwisha kukomaa hukwepa sehemu kubwa ya msinyao huo. Ni kweli. Lakini faida hiyo ni ya uchongaji. Unaweza kuipata bila kuingiza skana kinywani, kwa kuchukua kipimo cha trei chenye kingo zilizochongwa na misuli, kisha kukiskani kipimo chenyewe juu ya meza, kikiwa kimetulia. Njia nyingine, ambayo kwangu ndiyo ya busara zaidi kwa kibogoyo, ni kuskani kinywa, kuchapisha meno ya majaribio, kuyapaka silikoni ndani mgonjwa akitamka na kumeza, kisha kuyaskani meno hayo pande zote. Skana inabaki, na mkono wa daktari unabaki pia.

Vipandikizi, yaani skrubu zinazopandwa kwenye mfupa badala ya mizizi ya meno, hugeuza hoja yote. Tangu mtafiti Per-Ingvar Brånemark alipompandikiza mgonjwa wake wa kwanza huko Gothenburg, Uswidi, mwaka 1965, jambo lililofanya skrubu za titani zifanikiwe ndilo linalofanya vipimo vyake viwe vikali: mfupa huzishika moja kwa moja, bila kano katikati. Jino la asili likipewa daraja lililopotoka kidogo, husogea likalisamehe. Kipandikizi hakisamehi. Fremu moja ikiunganisha vipandikizi vinne au sita vya taya zima, upotofu wake huingia kwenye skrubu kama mvutano wa kudumu, na skrubu hulegea, hukatika, au kauri iliyo juu hupasuka miezi mingi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka siku ya kipimo. Torsten Jemt wa Uswidi alipendekeza mwaka 1991 kwamba nafasi isiyozidi mikroni 150 kati ya fremu na kipandikizi inakubalika, na tangu hapo namba hiyo imenukuliwa sana. Ulikuwa uamuzi wa kitabibu wa mtu mwenye uzoefu, na sioni vizuri kuugeuza amri.

Kwa kazi hii mikroni zina maana, na mrundikano wa mishono unakuwa adui wa kweli. Katika kila kipandikizi hufungwa kigingi ambacho umbo lake kompyuta inalijua, na skana hutakiwa kusoma mahali vigingi hivyo vilipo. Kati ya kigingi na kigingi kuna nini? Ufizi uleule laini usio na alama, wakati mwingine kwa milimita 20. Vigingi vyenyewe hufanana, na programu inaweza kukichukulia cha tatu kuwa ndicho cha pili. Ndipo zilipoingia kamera za fotogrametria, zinazokaa nje ya mdomo na kuviona vigingi kadhaa kwa pamoja, hivyo mishono ya kurundika kosa hupungua sana. Nazo hazioni ufizi, kwa hiyo skana haiondoki. Inabakiziwa kazi ya kuchora nyama, ambako kosa dogo halimuumizi mtu. Mgawanyo huo wa kazi naona ni wa haki.

Hapa kuna kitu kidogo cha ajabu. Mfupa wa taya la chini hujipinda mtu anapopanua kinywa: misuli huvuta pande mbili za nyuma zikakaribiana, kwa makumi ya mikroni na kwa baadhi ya watu zaidi ya hapo. Ili ncha ya skana ifike nyuma, mgonjwa lazima apanue kinywa sana. Tunapima, basi, taya lililobanwa, kisha tunalitengenezea fremu itakayofanya kazi likiwa limefungwa. Trei nayo huhitaji mdomo wazi, lakini silikoni ikishaingia mgonjwa anaweza kulegeza taya kidogo.

Zipo mbinu za kuipa skana alama pale zisipokuwepo. Wengine huweka matone ya rangi au ya rojo ya zinki juu ya ufizi uliokaushwa, wengine hugandisha vipande vidogo vya kujazia meno, wengine huunganisha vigingi kwa kipande chenye maumbo yasiyorudiana. Mpangilio wa njia ya kupitisha skana nao hubadili matokeo, hali kadhalika mwanga wa chumba, na vifaa tofauti hupendelea mwanga tofauti. Mbinu hizi husaidia. Lakini daktari anapolazimika kupaka madoa kwenye ufizi ili mashine isipotee njia, ni vigumu kuendelea kuitaja namba ya muuzaji kana kwamba ni ya mashine peke yake.

Kwa kliniki ndogo ambayo maabara yake ni fundi mmoja na jiko dogo la gesi, na ambayo wateja wake wengi huhitaji meno ya akriliki yenye vibanio vya waya, sioni sababu ya kutupa trei. Skana ikinunuliwa, inunuliwe kwa mapengo mafupi, kwa madaraja, kwa kuhifadhi kumbukumbu za kinywa, na kwa wagonjwa wasiovumilia trei. Huko italipa gharama yake. Kwa vipandikizi vya taya zima, yeyote anayeitumia awe tayari kufunga fremu ya majaribio kabla ya ile ya mwisho, akaze skrubu ya mwisho upande mmoja tu, kisha aangalie upande wa pili kama fremu imeinuka. Jaribio hilo ni la zamani kuliko skana za leo, halihitaji umeme, na linaona kile ambacho ramani ya rangi inayoonyesha makosa kwenye kioo cha kompyuta inaweza kukificha.

Na muuzaji akija na sanamu yake ya jasi, apewe nyingine. Iwe ya taya la chini lenye meno sita ya mbele, nyuma pakiwa na ufizi wa silikoni laini uliolowanishwa, na pini mbili za chuma zipandwe mahali pa magego ya mwisho, umbali kati yake ukiwa umepimwa mapema kwa kalipa. Aiskani sanamu hiyo mara kumi, kila mara akianza upya, kisha programu iulizwe umbali kati ya pini hizo, mara kumi.